Waandishi wa habari weusi wa Marekani hawakuanza miaka ya 1960

Wengi huamini kwamba Wamarekani weusi waliingia katika uandishi wa habari baada ya harakati za haki za kiraia za miaka ya 1960, pale vyombo vya wazungu vilipowafungulia milango. Sivyo. Samuel Cornish na John Russwurm walianza kuchapisha gazeti la Freedom's Journal mjini New York mwezi Machi 1827, utumwa ukiwa bado halali katika majimbo ya kusini.

Mwaka 1892, genge la wazungu mjini Memphis liliwatoa jela wanaume watatu weusi, mmoja wao Thomas Moss, mwenye duka la vyakula na rafiki wa mhariri Ida B. Wells, likawaua. Wells alichunguza mauaji ya namna hiyo kisa kwa kisa, akitumia hata taarifa za magazeti ya wazungu wenyewe, akaonyesha kwamba tuhuma za ubakaji zilizotumiwa kuyahalalisha mara nyingi hazikuwa na msingi. Ofisi ya gazeti lake ilivunjwa. Heshima ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, ilimfikia mwaka 2020, miaka 89 baada ya kifo chake, na kuchelewa huko kunauma.

Kilichokosekana, basi, ni ajira, wala si uwezo. Tume ya Kerner, iliyoundwa na serikali ya Marekani kuchunguza ghasia za kibaguzi mijini, iliripoti mwaka 1968 kwamba weusi hawakufika asilimia 5 ya wafanyakazi wa uhariri nchini humo. Mwaka 1978 jumuiya ya wahariri wa magazeti iliahidi kwamba kufikia mwaka 2000 vyumba vya habari vingelingana na sura ya jamii. Ahadi hiyo haikutimizwa.