Kubana pini: maana yake kwenye wayaringi ya pikipiki

Taa ya mbele ya pikipiki yangu ilikuwa na tabia ya kuzimika nikipanda Isyonje, milimani huku Mbeya. Uyole inawaka, Igawilo inawaka. Inasubiri kule juu, ukungu ukishashuka na huoni hata gari lililo mita kumi mbele yako, ndipo izimike. Nikiipiga ngumi inawaka tena. Fundi wa kwanza aliniuzia balbu. Wa pili akaniuzia swichi. Wa tatu, mzee mmoja wa Tukuyu, hakuuza kitu. Alifungua kava la taa, akashika waya wa bluu kwa vidole viwili, akauvuta kidogo, nao ukachomoka kwenye soketi kama jino bovu.

"Umeona, kijana wangu? Huu haukubanwa. Uliwekwa tu."

Kuwekwa na kubanwa kuna tofauti gani, wakati kwa macho nyaya zote mbili unaziona zimekaa ndani ya soketi?

Tuanze na majina, maana hapa watu huchanganya. Wayaringi ni lile fungu zima la waya linalotoka kwenye betri, likapita chini ya kiti na chini ya tangi, likaishia kwenye usukani na taa. Njiani lina vituo vya kuunganishia, ili taa au swichi ikifa uibadilishe bila kukata waya. Kituo hicho ndicho tunachokiita soketi. Lakini soketi yenyewe ni plastiki, na plastiki haipitishi umeme. Kazi yake ni kushikilia pini zisiguse jirani yake na zisichomoke. Anayepitisha umeme ni pini, kile kipande cha shaba nyeupe kilichojificha ndani. Kwa hiyo mtu akisema "soketi imeungua", mara nyingi iliyoanza ni pini, plastiki ikayeyuka baadaye.

Pini mpya ukiitazama kwa karibu ina mbele na nyuma. Mbele ni mdomo unaokutana na pini ya upande wa pili. Nyuma ina mabawa manne madogo, mawili mawili, yaliyosimama kama masikio ya sungura. Jozi ya karibu na mdomo hushika nyuzi za shaba zilizo wazi. Jozi ya nyuma, ambayo ni ndefu zaidi, hushika waya ukiwa bado na ganda lake la plastiki. Kazi zake ni mbili tofauti: ya kwanza inapitisha umeme, ya pili inapokea mtikisiko na mvuto ili nyuzi zisisumbuliwe. Wengi hubana ya kwanza wakaisahau ya pili, na baada ya miezi miwili ya barabara ya Makete nyuzi zinakatika moja moja pale pale ganda linapoishia.

Sasa kubana kwenyewe. Nyuzi za shaba zina ngozi nyembamba sana ya kutu ambayo huioni. Pini nayo ina yake. Ukizigusanisha tu, umeme unapita kwenye nukta chache, ngozi inakozidiwa. Ukizikandamiza kwa nguvu inayotosha kuibadilisha chuma umbo, ngozi hizo zinapasuka, shaba safi inakutana na shaba safi, na nafasi za hewa katikati zinafungwa. Pini iliyobanwa sawasawa ukiikata kwa msumeno mwembamba ukaitazama kwa kioo cha kukuzia, nyuzi hazionekani tena kama duara duara. Zimejazana zikawa na pembe, kama sega la nyuki. Hewa haina pa kuingilia, maji hayana pa kuingilia. Huko ndiko kubana. Kuifinyanga tu ishike waya ni jambo jingine.

Ndiyo maana koleo la kubania ni tofauti na plaizi. Meno yake ya juu yana mfereji wenye umbo kama la sehemu ya juu ya moyo. Unapokandamiza, mabawa yanafuata mfereji, yanajikunja kwa ndani, ncha zake zinazama katikati ya nyuzi kutoka juu. Plaizi haina mfereji huo, inalaza mabawa bapa juu ya waya kama mtu anayekunja karatasi. Pini inaonekana imeshika, hata ukiivuta kidogo inashika, lakini ndani kuna uwazi, na kwenye uwazi kuna kutu baadaye. Sisemi fundi mwenye plaizi hawezi kazi, nimewaona wanaobana bawa moja moja kwa ncha, taratibu, wakatoa kitu kizuri. Ni wachache, na hawafanyi hivyo abiria akiwa amesimama pembeni anapiga honi kwa mdomo.

Ganda livuliwe milimita tano hivi, bila kukata hata uzi mmoja. Ukiikagua pini baada ya kubana, uone ncha za nyuzi zimechungulia kidogo upande wa mdomo, na kwenye kile kinafasi kati ya jozi mbili za mabawa uone ganda na shaba vyote viwili. Ukiona ganda limeingia chini ya jozi ya mbele, umebana plastiki, rudia. Kisha vuta kwa mkono, uvute kweli kweli. Ikichomoka mezani ni heri. Na kama kuna mpira wa kuzuia maji, uvishe waya kwanza kabla ya kubana. Hili kila mtu hulisahau angalau mara moja, akabaki ameshika mpira mkononi anautazama.

Kwa nini tuhangaike hivi kwa taa ya wati 35? Piga hesabu. Wati 35 kwa volti 12 ni karibu ampea 3. Kiungo kibovu chenye ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa nusu omu tu, kitu ambacho hata multimita (kipima umeme) ya bei rahisi inaweza isikionyeshe vizuri, kinakula karibu volti moja na nusu njiani. Balbu hizi za waya wa ndani hazisamehi: volti ikipungua hivyo, nuru inapungua kwa theluthi hivi. Na ile volti iliyopotea haikwenda mbinguni, imegeuka joto la wati nne ndani ya kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mahindi. Joto linalegeza chuma, ukinzani unaongezeka, joto linazidi. Ukisikia harufu ya plastiki chini ya tangi, umefika mwisho wa safari hiyo.

Kwa hiyo kupima kwa ile sauti ya "piii" ya multimita hakutoshi. Uzi mmoja uliobaki kati ya ishirini unalia "piii" vizuri kabisa. Washa taa kwanza, weka multimita kwenye volti, mguso mmoja kabla ya soketi na mwingine baada yake. Ikisoma chini ya 0.1, kiungo ni kizima. Ikisoma volti moja nzima, umempata mwizi.

Hoja inayozua ubishi vijiweni ni lehemu. "Mimi yangu naichomelea kabisa," mtu atakwambia kwa kujivuna. Lehemu inapitisha umeme vizuri, hilo halina ubishi. Tatizo lake ni kwamba ikiyeyuka inapanda na nyuzi kwenda ndani ya ganda, na sehemu iliyolowa inakuwa ngumu kama msumari. Pale ugumu unapoishia na ulaini kuanza, mtikisiko wote wa injini unakusanyika. Waya unakatikia hapo, ndani ya ganda, ambako huoni. Redio ya mezani haitikisiki, ilehemu. Pikipiki inayoshuka na mkungu wa ndizi kwenda Kiwira, ibane. Kusokota na kufunga tepu nyeusi sikuweki hata kwenye mjadala huu. Tepu ile jua la Chunya linaiyeyusha gundi na mvua ya Rungwe inamalizia, na Tukuyu peke yake hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka.

Pini ina dume na jike, na hapo pana kanuni ambayo wengi hawaambiwi. Upande wa moto, ule unaotoka kwenye betri, huwekwa jike ambalo pini zake zimezama ndani ya plastiki. Ukichomoa soketi swichi ikiwa imewashwa, upande wenye moto hauna ncha iliyo wazi ya kugusa fremu. Ukigeuza ukaweka dume upande wa moto, siku itakapochomoka itapiga shoti kwenye chuma, na ukiwa na bahati itakuwa imeunguza fyuzi tu.

Kuhusu rangi, usiamini mazoea. Kwenye Honda, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoiga Honda, ethi, yaani waya unaoungana na bodi, ni kijani, na nyeusi ni moto unaokuja baada ya swichi. Kwenye Yamaha nyeusi ndiyo ethi. Mtu aliyezoea moja akafunga nyingine kwa rangi, bila kupima, anaunganisha moto na bodi moja kwa moja.

Kuingiza pini kwenye soketi ni rahisi: isukume kutoka nyuma hadi ilie "tik". Mlio huo ni wa kiulimi kidogo mgongoni mwa pini kinachonasa kwenye plastiki. Isipolia haijashika, na utakapounganisha soketi mbili itarudi nyuma kimyakimya. Grisi ya silikoni kidogo inasaidia kuzuia maji. Haipitishi umeme lakini pini zinapokutana zinaisukuma pembeni. Msasa usiguse, maana ule weupe wa pini ni bati lililopakwa kuzuia kutu, na ukilikwangua umeifungulia kutu mlango.

Kurudi kwa yule mzee. Waya ulichomoka, lakini pini yangu ilibaki ndani ya soketi, ulimi wake umenasa. Alichomeka kwa mbele ubavu wa mwavuli, ule mwembamba, alioutengeneza ncha kwa jiwe, akaulaza ulimi, akaitoa pini kwa nyuma. Akaitupa. Akakata waya sentimita mbili mpaka akapata shaba inayong'aa, kwani iliyokuwepo ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi, akabana pini mpya, "tik". Halafu akawasha taa na kuzungusha usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, mara kumi hivi, jicho kwenye fungu la waya pale shingoni. Liliponyooka sana upande wa kulia akalegeza kamba na kuliachia inchi moja zaidi. Soketi akaigeuza itazame chini ili maji yanayoteremka na waya yasiingie mdomoni.

Alinitoza hela ya chai na mandazi mawili. Balbu ya fundi wa kwanza ninayo mpaka leo, nzima, kwenye droo ya jikoni.