Niliwaambia wachague mada yoyote, wakaniuliza mi nataka nini

Miaka yangu ya mwanzo kwenye ualimu niliingia darasani siku moja nikatangaza, leo insha mnaandika juu ya chochote, mada ni yenu wenyewe. Nilitegemea watashangilia. Wapi! Kimya, watu wanatazamana, alafu mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Sasa mwalimu, wewe unataka tuandike nini?" Nilivyokusanya madaftari nikakuta karibu nusu ya darasa mada ni moja, wa dawati la mbele alianza kuandika wengine wakapiga chabo. Nikawalaumu wao, nikasema hawa wamezoea kutafuniwa kila kitu.

Siku hizi kazi yangu ni kukaa nyuma ya madarasa ya walimu wengine na kuongea nao baada ya kipindi, na hilo kosa langu naliona kila mara: mwalimu ametoka semina amechangamka, anafungua mlango wote kwa siku moja, vurugu inatokea, wiki inayofuata karudi kwenye kunakili ubaoni na anasema hii mambo ya kuwapa wanafunzi uchaguzi ni ya kwenye makaratasi.

Kuna utafiti wa wanasaikolojia Sheena Iyengar na Mark Lepper wa mwaka 2000, watu wengi wanaukumbuka kwa ile stori ya jemu za dukani, kwamba wateja waliowekewa aina nyingi walinunua kwa uchache kuliko waliowekewa chache, lakini sehemu inayotuhusu sisi walimu ndo hairudiwi sana. Wanafunzi wa chuo waliambiwa wanaweza kuandika insha ya hiari ya kujiongezea maksi, kundi moja likapewa mada 6 za kuchagua, jingine 30. Wale wa mada 6 walioandika ni asilimia 74, wale wa 30 ni asilimia 60, na hata insha zenyewe za wale wa 6 zilikuwa bora kidogo. Sasa mi niliyesema "chochote" nilikuwa nimewapa mada ngapi? Mtu ambaye bado hajalijua somo atajuaje mada ipi ina nyama na ipi itamkwamisha aya ya pili? Hakuwa mvivu yule aliyeniuliza, alikuwa anaomba uzio.

Kwa hiyo mi lengo la somo naling'ang'ania, sijadili. Ninachogawa ni njia, na njia zenyewe mbili tatu basi. Chukua usanisinuru, lengo ni aweze kueleza mmea unavyojitengenezea chakula. Anaweza kuchora mchoro wenye maelezo, au aandike barua kumwelezea mtoto wa darasa la chini, au afanye lile jaribio la kupima wanga kwenye jani kwa aidini alafu aeleze kilichotokea. Mara ya kwanza niliona hii ikifanyika, wapenda kuchora wote walikimbilia mchoro, wakaleta majani mazuri ajabu, rangi zimekolea, na kaboni dayoksidi haipo popote kwenye karatasi. Walichagua wenyewe kweli, na hawakujifunza kitu. Dawa yake ni kwamba njia yoyote utakayochukua lazima ijibu maswali yaleyale matatu: nini kinaingia kwenye jani, nini kinatoka, na mwanga unafanya kazi gani hapo katikati.

Kwenye hesabu watu huniambia wakipewa uchaguzi wataokota rahisi tu. Ndio wataokota, hata wewe ungeokota! Toa maswali 12, afanye 6, angalau mawili yatoke kwenye yale magumu ya mwisho, na pembeni aandike kwa nini amechukua hili akaacha lile. Mtoto akikuandikia "nimeruka la 9 kwa sababu lina sehemu na sehemu zinanichanganya", hapo amekupa habari ambayo vema na kosa zote za daftari lake hazikuwahi kukupa.

Uchaguzi feki nao wanaugundua haraka sana. Unawauliza kalamu ya bluu au nyeusi alafu unajiita mwalimu shirikishi, au unawapigisha kura, matokeo hayakufurahishi, unageuza. Bora usingeuliza. Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia ambao wamechambua kwa miongo kadhaa hii ishu ya hamu ya ndani, yaani kufanya kitu kwa kukipenda mwenyewe, wanasema mtu anahitaji vitu vitatu: ajione anajiamulia, ajione anaweza, na ajione yuko na watu wanaomjali. Watu wanashika hicho cha kwanza wanasahau cha pili, yaani unamwachia aamue huku hajui hata pa kuanzia. Na pale ambapo hakuna uchaguzi, maana vipo vitu lazima vifanyike tu, mwambie sababu ya kweli, sio "kwa sababu ipo kwenye silabasi".

Darasa kubwa, muda hautoshi, najua. Anza na mpangilio basi, kazi nne za wiki ziko ubaoni, ipi aanze nayo aamue mwenyewe, haikugharimu hata dakika. Mwalimu mmoja, Helen Parkhurst, kule Marekani alishafanya kitu cha hivi miaka kama 100 iliyopita, mwanafunzi anasaini mkataba wa kazi za mwezi alafu anajipangia lini afanye nini.

Ila mi naona tumeng'ang'ania sana kuchagua mada, wakati mtu kuiona kazi ni yake kunatokana na kusahihisha. Kama ni mimi tu ninayejua kazi nzuri inafananaje, basi kazi ni yangu, wao ni vibarua. Ninachopenda kufanya ni kuchukua kazi mbili za zamani zisizo na majina, moja nzuri moja ya wastani, nawauliza ipi bora na kwa nini. Mwanzoni watasema mwandiko. Subiri, usiwasaidie. Baadaye mmoja atasema "huyu ametoa mfano, yule amesema tu", na hiyo sentensi naiandika ubaoni kama alivyosema, inakuwa kigezo cha kwanza. Vikifika vinne vinatosha. Kabla hawajakusanya kila mtu anajipa maksi kwa hivyo vigezo, na mi nikisahihisha natafuta pale tulipopishana sana, hao ndo naongea nao kwanza.

Angalizo tu, hizo maksi za kujipa wenyewe usiziingize kwenye rekodi. Mara nyingi wanaojua sana hujibana na ambao hawajaelewa hujimwagia, na siku watakapojua zinahesabiwa wote watajipa za juu na mazungumzo yameishia hapo.