Je, wajua kwa nini jibini ya khachapuri huvutika, na iliyogandishwa kwa ndimu haiyeyuki?

Ukimega khachapuri ingali ya moto, jibini inakufuata: unainua kipande, na nyuzi nyeupe zinanyooka kutoka sahanini hadi mdomoni. Huu ndio mkate wa nyumbani wa Georgia, nchi ya milima ya Kaukazi. Jina lake limeunganishwa na khacho, maziwa yaliyoganda, na puri, yaani mkate. Wageorgia wanaupika mara nyingi kiasi kwamba taasisi ya uchumi ya ISET, ya mji mkuu Tbilisi, hufuatilia mfumuko wa bei kwa kukokotoa gharama ya kupika khachapuri moja ya Imereti, mkoa wa magharibi mwa nchi.

Mara ya kwanza nilipoipika, nilichemsha maziwa, nikakamulia ndimu, nikachuja kwa kitambaa na kujazia mkate. Nje ulipendeza. Ndani zilikuwa chenga kavu. Nilidhani moto haukutosha, kumbe hata ningeuacha saa nzima jibini ile isingeyeyuka.

Sababu iko kwenye protini ya maziwa iitwayo kazeini. Maziwa yakigandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la ndama, kazeini hufungwa pamoja na kalsiamu, mithili ya kuni zilizokazwa kwa kamba. Zikikazwa mno, hazisogei. Ndiyo maana watu wa Samegrelo, mkoa mwingine wa Georgia, wanaotengeneza jibini ya sulguni, huliacha donge lichachuke kwa saa kadhaa. Bakteria wanazalisha asidi, asidi inayeyusha sehemu ya kalsiamu, na kamba zinalegea. pH, yaani kipimo cha uchachu, ikishuka karibu na 5.2, donge likitiwa kwenye maji ya moto linavutika kama mpira. Hapo hulikanda na kulikunja.

Ndimu au siki hufanya kazi hiyo kupita kiasi. Asidi inakuja kwa mkupuo, kalsiamu karibu yote inaondoka, na protini zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Moto ukizidi, zinabanana zaidi na kutoa maji. Jibini ya namna hiyo ni nzuri kwenye mchuzi, lakini haifai kwa khachapuri.

Huko Imereti mkate hujazwa jibini ya kwao, laini na yenye chumvi. Samegrelo huongeza sulguni juu, na Adjara, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, huukunja kama mashua na kuweka yai na siagi katikati. Kwetu, mozzarella ndiyo ndugu wa karibu wa sulguni, kwa kuwa nayo hukandwa kwenye maji ya moto. Changanya nusu kwa nusu na feta, jibini nyeupe ya Kigiriki, ili upate chumvi na ladha kali. Kama feta ni ya chumvi sana, iloweke kwanza kwenye maji baridi.

Kanda gramu 300 za unga wa ngano kwa kikombe kimoja cha mtindi, chumvi kidogo na nusu kijiko cha chai cha magadi soda. Uwe mlaini kuliko wa chapati. Ufunike ulale nusu saa. Ugawe madonge mawili. Kila donge litandaze upana wa kutosha kuifunika jibini, weka jibini gramu 200 iliyofinyangwa kama tufe, kusanya kingo juu yake kama mdomo wa mfuko, bana, kisha geuza mshono uwe chini. Sasa bonyeza kwa viganja kuanzia katikati kwenda nje, polepole. Usitumie kifimbo cha kusukumia chapati. Kinasukuma jibini yote pembeni na kupasua unga.

Kabla ya kuweka kwenye chuma cha chapati, toboa tundu dogo katikati. Jibini mbichi ina maji mengi, maji yanageuka mvuke, na mvuke usipopata njia unaupasua mkate ubavuni na jibini inamwagikia chumani. Moto wa wastani, funika, geuza mara moja. Ukiona mvuke unafoka tunduni na madoa ya kahawia yamejitokeza pande zote mbili, epua, paka siagi, na uite watu wakae mezani papo hapo, maana nyuzi zile hukaza tena zikipoa.