Nzi Wang'atao Ng'ombe: Mjue Anayeng'ata Kabla ya Kununua Dawa

Tangu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo izinduliwe Bariadi, mkoani Simiyu, Juni 2025, swali moja limetufuata kila tunapokwenda: ng'ombe wamechanjwa, wamevalishwa hereni, mbona bado wanakonda kwa nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu unaoenezwa hasa na nzi aitwaye mbung'o? Jibu ni fupi. Chanjo waliyopewa ng'ombe ni ya homa ya mapafu. Nagana haina chanjo, hapa nchini wala kwingineko, kwa sababu vimelea vyake hubadilisha gamba lao la nje kila kinga ya mwili inapokaribia kuvitambua. Anayekuuzia "chanjo ya nagana" mnadani anakuuzia kitu kingine.

Lalamiko la pili ni la josho: "Tumeogesha, nzi wako palepale, dawa ni feki." Huenda ikawa feki, na ukiwa na shaka ipeleke kwa afisa mifugo ikiwa kwenye chupa yake. Lakini mara nyingi dawa ni nzima, ila si ya nzi. Amitrazi huua kupe na utitiri, nzi haiwatishi. Anayetaka kupambana na kupe na nzi kwa pamoja atafute dawa ya kundi la pairethroidi, mathalani deltamethrini au alfasaipamethrini. Soma jina la kiambato kwenye lebo, acha picha ya ng'ombe iliyochorwa juu yake. Wapo pia wanaochukua dawa ya pamba, wakaikadiria kwa kizibo na kumpulizia ng'ombe atakayekamuliwa jioni hiyohiyo. Hiyo ni sumu ya shambani, haikusajiliwa kwa mifugo, na maziwa hayo wanakunywa watoto.

Sasa wadudu wenyewe. Mbung'o, au ndorobo, wafugaji mnamfahamu. Akitua, mabawa hulaliana moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na mdomo huelekea mbele. Pange ni mkubwa, ana macho yanayong'aa, na hukata ngozi hivi kwamba damu huendelea kuchuruzika baada ya yeye kuruka. Kwa pange, jike tu ndiye anyonyaye damu, na mayai yake huyataga kwenye majani kando ya maji na matope. Wa tatu, nzi wa zizini, ndiye anayedharauliwa kuliko wote, kwa kuwa analingana na nzi wa nyumbani. Nzi wa nyumbani hang'ati. Ukiona nzi wa umbo hilo ana mdomo mgumu uliochomoza mbele, yuko miguuni mwa ng'ombe, na ng'ombe anapigapiga kwato chini bila kutulia, huyo ni nzi wa zizini.

Tunaambiwa mara kwa mara, "Kwetu hakuna pori, kwa hiyo hakuna nagana." Si kweli. Ni kweli kwamba mbung'o ndiye msambazaji mkuu, maana vimelea hukomaa ndani ya mwili wake, kisha huambukiza maisha yake yote. Lakini aina mojawapo ya vimelea, *Trypanosoma vivax*, huweza kubebwa na pange na nzi wa zizini vilevile. Nzi hufukuzwa na mkia kabla hajashiba, anahamia kwa ng'ombe wa jirani, damu ikiwa bado mbichi mdomoni. Ugonjwa wa mapele ngozi nao hubebwa kwa njia hiyohiyo, na huo una chanjo, kwa hiyo usiuchanganye na nagana.

Tofauti kubwa kati ya wadudu hawa ni uzazi, na hapo ndipo fedha zako zinapookoka au kupotea. Jike wa mbung'o hatagi mayai. Huzaa buu mmoja kila baada ya siku 9 au 10, na katika maisha yake yote hupata watoto wachache mno. Kwa hiyo kila mbung'o anayekufa ni hasara halisi kwa ukoo wake. Nzi wa zizini hutaga mamia ya mayai kwenye samadi iliyochanganyika na majani, mkojo na mabaki ya pumba, na joto likiwa zuri, wiki 2 hadi 3 zinatosha kutoa kizazi kipya. Ukimpulizia dawa bila kuondoa samadi, utapuliza hadi uchoke. Samadi iondolewe angalau mara moja kwa wiki, itandazwe nyembamba juani ikauke. Ng'ombe wanaofugwa ndani ya zizi, kama wale wa Kilimanjaro na Arusha, wanateswa zaidi na nzi huyu kuliko mbung'o, lakini wenye mazizi ndio wanaoongoza kutuuliza dawa ya mbung'o.

Kwa mbung'o, huhitaji kumlowesha ng'ombe mzima. Wengi hutua miguuni na tumboni, tena kwa ng'ombe wakubwa. Kupulizia sehemu hizo hupunguza gharama, ila haichukui nafasi ya kuogesha dhidi ya kupe, hasa wale wa masikioni. Mabaki ya dawa yasimwagwe mtoni, kwani pairethroidi ni sumu kali kwa samaki na nyuki. Ukikuta mtego wa kitambaa cha bluu na cheusi porini, uache. Rangi ya bluu humvuta mbung'o, kwenye nyeusi anatua. Hicho si kitambaa cha kushonea begi la shule.

Kuhusu sindano, tunaomba tusikilizwe. Pakiti ya gramu 2.36 ya diminazini, dawa ya kutibu nagana, ina kiambato cha gramu 1.05, yaani dozi ya miligramu 3.5 kwa kilo kwa mnyama wa kilo 300. Ukiigawa kwa ng'ombe watatu wa kilo 250 kila mmoja, kila kilo inapata miligramu 1.4. Hapo hukubana matumizi: umewafundisha vimelea kuishi na dawa. Isometamidiamu, dawa ya kukinga nagana, hukinga kwa miezi 2 hadi 4, nayo ikichomwa kidogokidogo italeta usugu vilevile. Na kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya 2003, huduma hii hutolewa na mtaalamu aliyesajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Veterinari. Muuza duka si mtaalamu kwa sababu tu ana friji.

Kabla ya sindano, damu ipimwe. Utaratibu ni huu. Mtaarifu afisa mifugo wa kata. Damu huchukuliwa kabla ya dawa yoyote, kutoka kwa wanyama kadhaa waliodhoofika, asiletwe yule mmoja tu anayekata roho. Ikiwekwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia kuganda, ikae kwenye kisanduku cha ubaridi bila kugandishwa, ifike maabara siku hiyohiyo. Ikipakwa kwenye kioo, kioo kikauke mbali na nzi, maana huilamba sampuli ikaisha. Andika namba ya hereni, umri, kijiji, tarehe, na dawa alizopewa ndani ya miezi 3. Sampuli isiyo na maelezo haitapimwa, na si kwa ukaidi wetu: majibu yake hayana wa kupewa. Ndigana kali na ndigana baridi nazo hukondesha na kuleta homa, lakini ni magonjwa ya kupe na dawa zake ni nyingine.

Wengine huuliza kwa nini mbung'o wasimalizwe kama Unguja. Kule walimalizwa kweli. Madume waliohasiwa kwa mionzi walizalishwa Tanga na kuachiwa kwa ndege kuanzia 1994, baada ya idadi ya mbung'o kupunguzwa kwanza kwa dawa juu ya ng'ombe na vitambaa vyenye sumu. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996. Lakini Unguja ni kisiwa chenye spishi moja. Bara kuna spishi kadhaa, na pori la Tabora halina bahari ya kulizunguka.

Mwisho, vibali. Kuhamisha ng'ombe bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya 2003, hata kama unakwenda wilaya ya jirani kwa shemeji. Kibali hutolewa na mkaguzi wa mifugo baada ya kuwaona wanyama wenyewe. Picha ya simu haitoshi. Kibali hubebwa safarini na kuonyeshwa kwenye kila kizuizi. Idadi kwenye karatasi na idadi kwenye lori zikitofautiana, mifugo huzuiwa, na gharama za malisho na maji wakati wa zuio ni za mwenye mali. Adhabu huweza kuwa faini, kifungo au vyote viwili, kutegemea kifungu kilichovunjwa, hivyo viwango sitavitaja hapa. Anayepitisha ng'ombe kwenye mapori ya mbung'o amwambie mkaguzi njia atakayotumia kabla ya kuondoka, ili dawa ya kinga itolewe mapema na tarehe yake iandikwe.