Mlibertere si mlibertariani, na mwalimu asiyelipwa si mmoja wao

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye kilio huku Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, Kongo. Usiku ulikuwa umeingia, wanawake wako ndani, sisi wanaume tumekaa uani kwenye viti vya plastiki, mbabula, jiko letu la makaa, katikati. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anasoma sheria hapa Lubumbashi. Mazungumzo yalipofika kwenye mishahara ya serikali akasema mbele ya wazee: «Miye niko libertere. Bantu ba Leta babafukuze bote, masendika bayifunge.» Yaani watu wa serikali wafukuzwe wote, na sendika, vyama vya wafanyakazi, zifungwe. Baba mkubwa, aliyetumikia kampuni moja ya serikali miaka 31, akamtazama kwanza, kisha akajibu taratibu: «Ile tulisha kuiona, mwana. Leta hailipe, kila mutu ajipange. Ile njo libertere yenu.»

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikanyamaza kwa heshima ya msiba. Lakini neno hilo nimelisikia likivurugwa vivyo hivyo redioni, nimelisikia kwenye basi, na sasa kilioni. Mdogo wangu alikosea, na baba mkubwa naye alikosea, kila mmoja kwa upande wake.

Maana kwa ufupi: mlibertariani ni mtu anayeamini kwamba kila mtu ni mwenye nafsi yake na mali yake, na kwamba haifai kumlazimisha kwa nguvu, hata kama anayelazimisha ni serikali, isipokuwa kumzuia asiwadhuru wenzake. Mengine yote anayosema kuhusu kodi, mshahara na sendika yanatoka hapo.

Tatizo liko kwenye jina. Kifaransa, ambacho ndicho kilichotuletea, kina maneno mawili yanayofanana kama mapacha: libertaire na libertarien. Kwa Kiswahili tuseme mlibertere na mlibertariani. Wote wawili mzizi wao ni uhuru, na wote wawili hawaitaki serikali iwatawale. Lakini waweke meza moja, waulize mgodi ni mali ya nani, hawatamaliza sahani ya bukari, ugali wetu.

Aliyelitunga neno la kwanza ni Joseph Déjacque, Mfaransa aliyejipatia riziki kwa kupaka rangi nyumba na kubandika karatasi za ukutani. Baada ya Louis-Napoléon Bonaparte kuipindua jamhuri mwaka 1851, Déjacque aliishi uhamishoni, akafika hadi New Orleans, Marekani. Mwaka 1857 alimwandikia barua kali Proudhon, aliyekuwa jina kubwa la anarkia, itikadi ya kuishi bila serikali, wakati ule. Proudhon alitetea uhuru wa mfanyakazi huku akimweka mwanamke chini ya mumewe. Déjacque alimwambia kwamba mtu wa namna hiyo ni mliberali tu, hajafika kuwa mlibertere. Neno likazaliwa hapo, katika ugomvi juu ya usawa wa mwanamke, na aliyelizaa ni kibarua. Mwaka uliofuata akaanzisha gazeti New York kwa jina hilo hilo, Le Libertaire, likatoka hadi 1861. Mwaka 1895 Sébastien Faure na Louise Michel wakalifufua jina hilo Paris.

Kwa hiyo mlibertere, katika Kifaransa hadi leo, ni mtu wa anarkia. Hataki serikali, na hataki pia tajiri anayemiliki kiwanda wanachofanyia kazi wengine. Sendika kwake ni chombo cha kwanza cha ukombozi; mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa mkondo huo walikuwa na sauti kubwa ndani ya CGT, shirikisho la sendika za Ufaransa. Anayejiita mlibertere na papo hapo anataka sendika zifungwe, ni kama padri anayekataza misa.

Neno la pili lilipita njia nyingine. Marekani, watetezi wa soko huru zamani walijiita waliberali. Kuanzia miaka ya 1930, enzi ya rais Franklin Roosevelt, jina hilo likahamia kwa watu waliotaka serikali ifanye mengi zaidi. Waliokuwa nalo wakabaki bila jina. Mwaka 1955 mmoja wao, Dean Russell, akapendekeza hadharani wachukue neno libertarian, ingawa wanaanarkia walikuwa wanalitumia pia. Wakalichukua, na Desemba 1971 chama cha siasa chenye jina hilo kikaanzishwa Colorado. Waandishi wa Kifaransa walipotaka kuwataja watu hawa hawakuweza kusema libertaire, maana neno lilikuwa na mwenyewe. Wakabadilisha mwisho wake, wakapata libertarien. Silabi hiyo moja watu wetu wanaimeza, na wakiimeza wanamvisha kibarua wa Paris koti la mtetezi wa wenye mali.

Sasa sendika. Neno lenyewe limetoka mbali: kwa Wagiriki wa kale sundikos alikuwa mtu anayesimama na mwenzake mbele ya hakimu ili kumtetea. Mlibertariani hana neno na kusimama huko. Wachimbaji mia wakikubaliana wao kwa wao kuacha kazi Jumatatu, wametumia uhuru wao, kama vile mwajiri anavyotumia wake akikataa masharti yao. Ugomvi unaanza pale sheria inapomlazimisha mwajiri kujadiliana na sendika, kama sheria ya Marekani ya 1935 iitwayo Wagner, au pale mfanyakazi anapolazimishwa kuchangia sendika ambayo hakuichagua.

Hili la pili baba mkubwa analijua kuliko sisi sote. Anayo bahasha ya kaki yenye karatasi zake za mshahara za miaka ya 1990, zimekunjwa mara nne, wino umefifia. Alinionyesha moja. Chini ya mstari wa matibabu kuna mstari wa makato ya sendika, kila mwezi, bila kukosa. Nikamuuliza alijiunga lini. Akaweka kidole kwenye mstari ule, akakaa kimya kidogo, akasema hajawahi kutia sahihi popote. Na wajumbe wa sendika hiyo hakuwahi kuwaona wakimsimamia siku mishahara ilipokwama.

Kisa kama hicho kilifika Mahakama Kuu ya Marekani. Mfanyakazi wa jimbo la Illinois alikataa kukatwa ada ya sendika ambayo hakuwa mwanachama wake. Tarehe 27 Juni 2018, katika kesi inayoitwa Janus, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba mfanyakazi wa serikali hawezi kukatwa ada hiyo bila ridhaa yake. Walibertariani walishangilia. Lakini tazama walichoshangilia: sendika haikufungwa, wanachama wake waliendelea kuwa wanachama. Kilichoondolewa ni kulazimishwa. Mdogo wangu aliposema sendika zifungwe alikuwa anaomba nguvu ya serikali itumike kuvunja chama cha watu huru, na hilo mlibertariani wa kweli angelikataa kabla yangu.

Kuhusu watu wa Leta (neno letu hili ni l'État ya Wafaransa, tumeimeza nzima na kiambishi chake) walibertariani wana hoja inayostahili kusikilizwa. Mwokaji akidai mshahara mkubwa kupita kiasi, mkate unapanda bei, wateja wanahamia kwingine, na madai yanapata mpaka. Ofisi ya serikali haina mshindani, na pesa yake ni kodi, ambayo hakuna aliyeulizwa kama anataka kuitoa. Sendika ya watumishi wa serikali ikikaa mezani, upande wa pili anakaa mwanasiasa anayegawa pesa isiyo yake na anayetafuta kura za hao hao. Wasiwasi huo hawakuubuni walibertariani peke yao. Roosevelt mwenyewe, rafiki wa sendika, aliandika mwaka 1937 kwamba majadiliano ya pamoja kama yanavyofanyika viwandani hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye utumishi wa serikali. Jimbo la kwanza Marekani kuyaruhusu kwa watumishi wa serikali za mitaa lilikuwa Wisconsin, mwaka 1959.

Lakini wengi wao hawasemi wafukuzwe wote. Wanabakiza polisi, mahakama na jeshi, na wanakubali kwamba hao wana haki ya kulipwa. Ni tawi lao dogo tu linalotaka serikali iondoke kabisa.

Mimi si mlibertariani. Kwenye kima cha chini cha mshahara siwafuati hata hatua moja. Wao wanaona amri ya serikali inamzuia mtu kukubali pungufu kwa hiari yake, na mimi nimeona mtu mwenye watoto wanne akikubali chochote alichopewa, na siwezi kuliita jambo hilo hiari. Lakini nao wana haki yao: wapingwe kwa wanachokisema kweli.

Tena hapa Lubumbashi tuna jambo la kuwauliza, na wakilijibu kwa uaminifu watajikuta upande wa wagomaji. Desemba 1941, mji ukiitwa bado Élisabethville, wafanyakazi weusi wa Union Minière, kampuni ya migodi, waligoma kudai mshahara. Askari wa Force publique, jeshi la koloni, wakawafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira, wakaua watu kwa makumi, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Watu wengine hapa wanasema hilo ndilo soko huru likiachwa lifanye litakalo. Si kweli. Koloni lilikuwa na hisa katika kampuni, sheria ya wakoloni ilimpeleka gerezani mfanyakazi mweusi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha, na sendika za Waafrika hazikuruhusiwa. Kila mlango wa hiari ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa serikali.

Nirudi kwa baba mkubwa. Aliposema Leta isiyolipa na kila mtu kujipanga ndiyo falsafa hiyo, alikuwa anataja Kifungu cha 15, ule msemo wetu wa kujitafutia njia. Namwelewa, lakini hapana. Serikali ya Kilibertariani ingechukua kidogo na kuajiri wachache. Sisi tuliona serikali iliyoajiri wengi, ikaendelea kutoza, kisha haikulipa. Tangu miaka ya 1990 mzazi alimlipa mwalimu kwa primu (mchango wa wazazi), na kodi aliilipa vilevile, mpaka elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa mwaka 2019. Hata neno mshahara linamshtaki mwajiri wa namna hiyo: limetoka kwenye Kiarabu, shahr, yaani mwezi. Ni kitu cha kila mwezi. Kikija baada ya miezi saba, hicho ni deni linalolipwa.

Siku ya arobaini tutakutana tena uani pale pale, nami nitawaambia wote wawili kwa upole. Mdogo wangu, ukitaka Leta ipungue na soko liachwe, sema mlibertariani, wala usiseme sendika zifungwe. Sema asilazimishwe mtu kuzichangia. Nawe baba mkubwa, miaka ile usiiite falsafa ya mtu yeyote. Ulifanya kazi, hawakukulipa. Wewe ni mdai wao, na karatasi zako ziko kwenye bahasha.