Tope lililoganda kuizunguka kreta ya Yuty

Kila ninapofungua picha ya kreta ya Mirihi, yaani shimo lililochimbwa na pigo la kimondo, kabla ya kutazama chochote natafuta jua liko upande gani. Ukikosea hapo, jicho hulipindua shimo likawa kilima, na yote utakayosema baadaye yatakuwa makosa. Nikishajua vivuli vinaangukia wapi, ndipo naanza kusoma.

Kreta ninayoirudia kuliko zote ni Yuty, iliyopewa jina la mji mdogo wa Paraguay. Iko karibu na tambarare ya Chryse, kaskazini mwa ikweta ya Mirihi, na kipenyo chake ni kama kilomita 18. Picha zake mashuhuri zilipigwa na chombo cha Viking 1, kilichoanza kuizunguka sayari hiyo mwaka 1976. Katikati kuna kilima, mwamba uliobonyezwa na pigo kisha ukainuka tena, nazo kuta zimeporomoka. Hayo ni ya kawaida kwa kreta ya ukubwa huo.

La ajabu liko nje ya ukingo. Mwezini, vifusi vya pigo huruka na kutua vikiwa vikavu: hurundikana karibu na ukingo, kisha hupungua hadi vikabaki michirizi. Vya Yuty vimetambaa. Vimelala tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka limeishia kwa ndimi za mviringo zenye kingo zilizotuna, mithili ya tope zito lililoteremka likachoka njiani.

Sogeza picha hadi pembeni kabisa mwa Yuty utaona kreta nyingine, ndogo na kongwe zaidi. Ndimi zimepita juu yake, lakini umbo lake bado linajichora chini ya vifusi, kama mtu aliyelala akajifunika shuka. Kwa hiyo tabaka lile ni jembamba. Kifusi chembamba namna ile kifike mbali namna ile bila kulainishwa na kitu? Mimi siamini.

Nasadiki kilicholainisha ni barafu iliyokuwa ardhini, ikayeyushwa na joto la pigo. Wapo wanasayansi wanaosema hewa ya Mirihi, ingawa ni hafifu, yaweza kuvivuruga vifusi hadi vitambae, na majaribio ya maabara yanawaunga mkono kwa kiasi. Lakini hewa iko kila mahali, ilhali ndimi hizi zina mpangilio wake. Karibu na ikweta, kreta ndogo kwa kawaida hazina ndimi. Huanza kuonekana kwenye kreta za kilomita kadhaa. Ukielekea kwenye ncha za sayari, hata kreta ndogo zaidi zinazo. Pigo dogo huchimba juu juu, pigo kubwa huchimba chini. Mpangilio huo unatuonyesha barafu inaanzia kina gani.

Desemba 24, 2021, kimondo kiliipiga Mirihi kwenye nyanda za Amazonis, yapata digrii 35 kaskazini. Mtetemo ulinaswa na chombo cha InSight, na picha kutoka angani zikaonyesha kreta mpya ya mita 150 hivi, ikizungukwa na mabonge meupe ya barafu. Shimo dogo vile lilitosha kuifikia. Yuty iko karibu zaidi na ikweta, ambako barafu ya juu juu haidumu, hugeuka mvuke ikapotea hewani. Iliyozilainisha ndimi zake ilibidi itoke chini zaidi, na pigo lililochimba kreta ya kilomita 18 lilikuwa na nguvu ya kuifuata huko.