Shamba limeungua? Subiri kwanza kuita trekta

Ikikaribia vuli simu yangu haitulii. Mtu ana ekari zake huku Arusha, Oldonyo Sambu au Monduli, alilima mahindi miaka ya nyuma akaliacha shamba, sasa moto umepita na anauliza kama alete plau. Mimi ni mtu wa nyanda za malisho, kwa hiyo namwambia achukue jembe la mkono, afukue penye shina la nyasi lililoungua.

Likipasuliwa likawa jeupe na lina unyevu, liko hai. Nyasi zetu za kudumu, kama ukoka na Themeda triandra, huficha macho ya kuchipua usawa wa ardhi au chini yake. Moto wa nyasi hupita haraka. Sentimita chache kwenda chini, udongo haupati joto la kuua. Akiba ya chakula imebaki kwenye vitako na mizizi, na mizizi hiyo ndiyo inayoshikilia udongo huu wa majivu ya volkano, ambao ukiwa mtupu masika huuchimba makorongo. Plau ingeikata yote. Themeda ina ufundi mwingine: mbegu yake ina mkia unaojisokota kila unapolowa na kukauka, ukiididimiza ardhini kama keekee.

Majivu yasikufurahishe sana. Yana potasiamu na kalsiamu, lakini naitrojeni nyingi imeshapaa na moshi.

Shida iko kwenye mashamba yaliyolimwa muda mrefu hadi nyasi za kudumu zikatoweka. Hapo wa kwanza kufika ni gugu karoti, gugu vamizi ambalo Arusha tunalijua vizuri mno. Ling'oe kabla halijatoa maua, na uvae glavu, maana linawasha.

Halafu ng'ombe. Chipukizi hutoka kwa kutumia akiba ya mizizi. Zikiliwa mapema, shina lililonusurika motoni linakufa. Wamaasai hutenga alalili, yaani malisho ya akiba, kwa ajili ya kiangazi, nami naona shamba lililoungua litengwe vivyo hivyo mpaka nyasi zidondoshe mbegu.

Palipobaki upara, kusanya mbegu za nyasi kama Eragrostis superba au Cenchrus ciliaris kando ya uzio, kwaruza udongo juujuu, mwaga, funika kidogo tu. Ila mbegu ya Cenchrus iliyovunwa sasa hivi huwa imelala, haioti vizuri: ihifadhi pakavu miezi kadhaa, uipande msimu unaofuata.